Billy Fury: alianza kushuka akiwa bado kileleni

Mzee wa Santuri (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila uzi wa muziki wa Uingereza humu ndani unaanzia kwa bendi ya Beatles mwaka 1962, kana kwamba kabla ya hapo hakukuwa na mtu aliyeshika gitaa katika nchi ile. Leo naomba tumjadili aliyewatangulia, tena wa mji wao huohuo wa Liverpool: Billy Fury. Nitashusha kwa vipande. Mwenye la kuongeza aongeze palepale, asisubiri nimalize.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayebisha ajue anabishia nini. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Beatles walikuja, wakamfagia yeye na wenzake wote. Mimi nasema kuporomoka kwake kulianza 1961, Beatles wakiwa bado hawajatoa hata santuri moja kwa jina lao, na nyimbo zake yeye zikipanda hadi namba 3 na namba 2 kwenye chati. Mtu aliyekuwa anatunga aligeuzwa kuwa mtu wa kuimbishwa. Hilo ndilo lililommaliza kama msanii. Moyo mgonjwa ukaja kumalizia vilivyobaki.

Jina alilopewa na wazazi ni Ronald Wycherley. Alizaliwa 17 Aprili 1940, akakulia Dingle, mtaa wa makabwela karibu na gati za Liverpool. Ndiko alikotoka pia Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, na shule ya msingi walisoma moja. Akiwa na umri wa miaka sita hivi alishikwa na homa ya baridi yabisi, ikamharibu moyo. Baada ya shule akapata kazi kwenye boti za kuvuta meli mto Mersey, na wakati huo tayari anatunga nyimbo zake mwenyewe.

Hapo kwenye kutunga naomba tupashike vizuri. Uingereza ya 1958, kijana wa rokenroli anayetunga mwenyewe alikuwa adimu sana. Kilichokuwa kinafanyika ni kuchukua wimbo uliotoka Marekani, kuuimba upya harakaharaka, na kuuingiza madukani kabla santuri ya Mmarekani mwenyewe haijaenea. Huyu dogo wa bandarini alikuja na daftari lake.

Binti Kilindini

Mzee, endelea, tuko pamoja. Sisi wa Mombasa tumekua tukiziona tagi zikivuta meli, kazi ile si ya mtu mwenye moyo mbovu. Alifikaje jukwaani?

Mzee wa Santuri

Binti Kilindini, hicho ndicho kisa chenyewe.

Alituma mkanda na picha yake kwa Larry Parnes, meneja aliyekuwa amewashika vijana wengi wa roki wa wakati ule. Tarehe 1 Oktoba 1958 Parnes alikuwa amepeleka onyesho ukumbi wa Essoldo, Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, nyota wa usiku huo akiwa Marty Wilde. Ronald alikwenda kule akitumaini Marty atanunua nyimbo zake. Hakwenda kutafuta uimbaji. Akaingizwa chumba cha nyuma ya jukwaa, akaimba na gitaa lake mbele ya Marty na Parnes. Parnes akamsukumia jukwaani usiku uleule, katikati ya onyesho la watu wengine. Wasichana wakapiga mayowe. Parnes akamchukua kwenye msafara wake.

Mtu kavuka mto kwenda kuuza nyimbo, kanunuliwa yeye. Kumbukeni hilo tukifika 1961.

Besi Nzito

Huyo Parnes mimi namfahamu kwa hadithi za kubadilisha watu majina. Alikuwa anachukua kijana, anamvua jina la kwao, anamvisha jina la hisia au tabia. Reginald Smith akawa Marty Wilde. Roy Taylor akawa Vince Eager. Richard Kneller akawa Dickie Pride. Clive Powell akawa Georgie Fame. Na Ronald Wycherley ndiyo akawa Billy Fury, maana yake hasira kali, wakati watu waliofanya naye kazi wanamsimulia kama mtu mpole na mwenye haya. Joe Brown peke yake ndiye aliyegoma, Parnes alitaka kumwita Elmer Twitch, akakataa katakata, na jina lake likabaki la kwao mpaka leo.

Hawa vijana walikuwa wanalipwa mshahara wa wiki. Ukumbi ujae usijae, mshahara ni uleule, kinachozidi kinakwenda kwa meneja. Magazeti ya kule yalikuwa na jina la utani la kumwita Parnes, la kuchezea jina lake na hesabu za pauni, shilingi na peni.

Mzee wa Santuri

Asante Besi, umeniokolea aya nzima. Naongeza moja tu: wengi wa vijana hao hawakudumu. Mwaka 1956 Tommy Steele alikuwa ameonekana kwenye mgahawa wa kahawa wa 2i's, Soho, London, na kufikia Januari 1957 yuko namba 1. Baada ya hapo kila meneja alikuwa anatafuta Tommy Steele wake, na hakuna aliyekuwa anafikiria mwimbaji huyo atakuwa na umri wa miaka 30 siku moja. Hata mameneja wenyewe waliuona muziki huu kama homa ya msimu. Terry Dene, mmoja wa majina makubwa ya 1957, aliitwa jeshini Januari 1959, akili ikamkataa, akaruhusiwa kuondoka baada ya miezi miwili hivi, na magazeti yakamwandama mpaka umaarufu ukayeyuka.

Sasa Billy. Wimbo wake wa kwanza, "Maybe Tomorrow", aliutunga mwenyewe, kampuni ya santuri ya Decca wakautoa 1959, ukafika namba 18. Jukwaani alikuwa mtu mwingine kabisa. Suti ya dhahabu, kola imesimama, anaikumbatia stendi ya maikrofoni hadi anapiga nayo magoti. Oktoba 1959 kule Dublin, Theatre Royal, uongozi wa ukumbi uliona amevuka mipaka, ukamshushia pazia katikati ya wimbo. Baada ya hapo ikabidi apunguze makali.

Mapema 1960 alikuwa kwenye msafara wa Parnes pamoja na Wamarekani wawili, Gene Vincent na Eddie Cochran. Cochran alipata ajali ya gari usiku karibu na Chippenham, akafariki kesho yake, 17 Aprili. Siku hiyo Billy alikuwa anatimiza miaka 20.

Kidungu

Mkuu uzi mzuri, lakini naona unazungukazunguka. Umesema ana kitu cha pekee. Kiko wapi? Mimi nimesikiliza "Halfway to Paradise", nimesikia violini na kwaya tu. Kama hicho ndicho unachokililia, Uingereza ilikuwa nao wengi.

Mzee wa Santuri

Kidungu, umesikiliza mlango wa kutokea. Sikiliza mlango wa kuingilia.

Mei 1960 Decca walitoa albamu inaitwa The Sound of Fury. Ni santuri ndogo ya inchi 10, ina nyimbo 10, na zote 10 ni za Billy mwenyewe, nyingine kaziandikisha kwa jina la bandia la Wilbur Wilberforce. Kijana wa miaka 20, nchi ambayo hata nyota wakubwa wanapangiwa cha kuimba, anatoa albamu nzima ya mikono yake. Miaka mitatu kabla ya albamu ya kwanza ya Beatles, ambayo nayo ilikuwa na nyimbo sita za watu wengine.

Na sauti yenyewe ni kavu, haina pambo. Msimamizi wa kurekodi alikuwa Jack Good, yule wa kipindi cha televisheni cha Oh Boy!. Gitaa ni Joe Brown, naye anapiga kwa vipande vifupi, anaingia, anasema neno moja, anatoka. Ngoma ni Andy White, ndiye huyo huyo ambaye Septemba 1962 aliitwa kupiga ngoma kwenye "Love Me Do" ya Beatles badala ya Ringo. Albamu ilifika namba 18, ikaishia hapo.

Halafu mwaka huohuo tafuta "Wondrous Place". Usiku, redio imezimwa, taa ndogo. Wimbo karibu hauna kitu ndani yake. Besi inatembea polepole, gitaa linadondosha noti moja moja, na kati ya mstari na mstari kuna ukimya mrefu ambao mwimbaji mwingine angeujaza kwa woga. Billy anauacha. Unasikia anavyovuta pumzi. Sentensi anaianza kama mtu anayekwambia jambo sikioni, halafu mwishoni sauti inatetemeka kidogo na kukatika. Huu hakuutunga yeye, lakini alivyouimba ni kana kwamba ameukuta ndani ya chumba chake. Ulifika namba 25 tu, na bado aliurekodi tena na tena maishani mwake. Alijua ana nini pale.

Besi Nzito

Naomba niingilie hapo kwenye The Sound of Fury kwa ajili ya wapigaji wenzangu. Jack Good alikuwa anatafuta ule mlio wa besi wa studio ya Sun kule Memphis, mlio wa nyuzi za besi kubwa ya kusimama zikichapwa hadi zinagonga ubao. London hakupata mtu wa kumfanyia hivyo akaridhika. Akaweka wapiga besi wawili. Mmoja besi ya kusimama, mwingine besi ya umeme, wanapiga pamoja. Mmoja anakupa mgongo wa kuni, mwingine anakupa uzito. Ukivaa spika za masikio unawasikia wote wawili. Mimi nimejaribu kuiga kwa besi moja na nusu ya vifaa vya kisasa, haiji.

Kidungu

Sawa, nimekwenda kusikiliza "Wondrous Place" na nyimbo nne za albamu. Nakubali, huyu ni mtu mwingine. Lakini swali linabaki. Mkuu, namba 18 na namba 25 hazilishi mtu. "Halfway to Paradise" ilimpeleka namba 3. Bila violini zile leo wewe usingekuwa unaandika uzi huu, kwa sababu jina lisingefika kwako. Waliombadilisha walimpa maisha.

Mzee wa Santuri

Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yangu, na naijibu kwa heshima.

Ni kweli. Mwaka 1961 wakampa "Halfway to Paradise", wimbo wa Gerry Goffin na Carole King uliokuwa umeimbwa Marekani na Tony Orlando. Okestra, kwaya, Billy katikati akilia kwa ustadi. Namba 3. Mwaka huohuo wakampa "Jealousy", tango la Mdenmaki Jacob Gade la miaka ya 1920, likafika namba 2. Pesa zikaja, sinema ikaja, Play It Cool ya 1962, mwongozaji Michael Winner. Wala siwezi kusema aliziimba vibaya. Aliziimba vizuri mno, na hapo ndipo mtego ulipofungia. Wimbo wa huzuni wenye okestra ukishauza hivyo, wa pili anapewa wa kufanana nao, wa tatu hivyohivyo. Hesabu nyimbo zake zilizoingia kumi bora kuanzia hapo hadi 1963: karibu zote ni za watunzi wengine, na daftari la Ronald likafungwa.

Wala moto haukuwa umezimika. Mwaka 1963 walirekodi albamu ya mubashara, We Want Billy!, ndani ya studio ya Decca mbele ya mashabiki, bendi ya Tornados nyuma yake. Upande wa kwanza ni roki tupu, anaungurumia watu. Upande wa pili ni mfululizo wa zile nyimbo za machozi. Geuza santuri hiyo utasikia watu wawili. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anapelekwa redioni.

Kuhusu "walimpa maisha": aliyepewa maisha marefu kwenye biashara hii ni yule aliyeachiwa kutunga. Mwaka 1963 ulipogeuka, wasikilizaji walianza kudai bendi zinazoimba nyimbo zao wenyewe, wakitoka Liverpool, kwa lafudhi yao. Billy alikuwa navyo vyote viwili tangu 1960. Vilikuwa kabatini.

Binti Kilindini

Na hao Beatles alikutana nao au walipishana tu?

Mzee wa Santuri

Walikutana, dada, na ilikuwa yeye ndiye mkubwa chumbani.

Tarehe 10 Mei 1960, klabu ya Wyvern, mtaa wa Seel, Liverpool. Parnes amekuja na Billy kutafuta bendi ya kumsindikiza. Bendi za mji zinapanga foleni. Mojawapo ni vijana wanaojiita Silver Beetles, ndio Beatles wa baadaye. John Lennon akamwomba Billy saini yake. Kazi ya kumsindikiza Billy hawakuipata. Walipewa msafara mdogo wa Scotland wakimsindikiza mwimbaji mwingine wa Parnes, Johnny Gentle.

Bendi ya Billy ikaja kuwa Blue Flames, ndani yake yuko Georgie Fame, kisha Tornados. Na hawa Tornados, wakati bado ni bendi yake, walirekodi ala tupu kwa mtayarishaji Joe Meek, "Telstar", ikafika namba 1 Uingereza na namba 1 Marekani mwaka 1962. Wasindikizaji wakafika mahali ambapo bosi wao hakuwahi kufika.

Kidungu

Hapo sasa unanipa silaha. 1963 Beatles wanashika kila kitu, na Billy anaanguka. Ndicho watu wanachosema siku zote.

Mzee wa Santuri

Angalia tarehe, ndugu yangu. 1963, mwaka wa Beatles wenyewe, Billy ana namba 3 mara mbili na namba 5. 1964, "It's Only Make Believe", namba 10. 1965, "In Thoughts of You", namba 9. Mtu aliyefagiwa hafiki namba 9 miaka miwili baada ya ufagio kupita. Mashabiki wake walibaki naye. Kilichokosekana ni mashabiki wapya, kwa sababu kila santuri mpya ilikuwa inawaambia vijana kwamba huyu ni wa dada zao wakubwa. 1966 akawa namba 35, kisha 27, na mkataba wa Decca ukaisha. Akaenda Parlophone 1967, akatoa singo kadhaa, hakuna iliyoingia kwenye chati.

Jumla alikaa wiki 332 kwenye chati ya Uingereza, na hajawahi kuwa namba 1 hata wiki moja.

Wakati huo moyo wake kwenye mambo mengine ulishahamia kwa wanyama. Alikuwa na farasi wa mbio aitwaye Anselmo aliyeshika nafasi ya 4 kwenye Derby ya 1964, na filamu yake ya 1965, I've Gotta Horse, ilijengwa juu ya mapenzi hayo. Baadaye akahamia shambani Wales, kwa kondoo na ndege wa porini.

Tabibu

Nimekuwa nasoma kimya, ila kwenye moyo naomba niseme neno, kwa sababu ugonjwa huu sisi tunaishi nao.

Mtoto anapata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka. Yasipotibiwa, wiki chache baadaye kinga ya mwili inaweza kuanza kushambulia viungo na moyo wake wenyewe. Maumivu ya magoti huisha. Vali za moyo zikishaumia zinabaki na kovu, na kila shambulio jipya linaongeza. Kinga yake ni penisilini: kutibu koo mapema, na aliyekwisha kuugua achomwe sindano kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Billy aliugua mwaka 1946 au karibu na hapo, wakati Uingereza penisilini ndiyo kwanza inaanza kupatikana kwa raia wa kawaida. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki vijana wa umri wa shule bado wanafika kliniki wakiwa na vali zilizokwisha haribika. Kwa hiyo ninapomsikia mwimbaji huyu anakata pumzi katikati ya mstari, nasikia pia kifua ambacho nimewahi kukisikiliza.

Mzee wa Santuri

Daktari, asante sana. Umesema nisichoweza kusema mimi.

Alifanyiwa upasuaji wa moyo 1972 na tena 1976, akaacha ziara. Katikati ya hapo, 1973, alionekana kwenye filamu ya That'll Be the Day akicheza kama Stormy Tempest, mwimbaji wa roki kwenye kambi ya likizo. David Essex yumo, Ringo Starr yumo. Watoto wawili wa Dingle kwenye filamu moja, na mnajua kila mmoja alikuwa amefika wapi kufikia mwaka huo.

Mwaka 1978 alitangazwa kufilisika kwa deni la kodi lililoanzia 1962. Hesabuni wenyewe: kodi ya miaka ile ya okestra, anadaiwa mgonjwa asiye na kazi. Ili kupata fedha akarekodi upya nyimbo zake za zamani kwa kampuni ya K-tel. Jambo hili linaniuma kuliko pazia la Dublin.

Alijaribu kurudi. Polydor wakamsaini, wakatoa "Be Mine Tonight" 1981, na 1982 nyimbo mbili zikagusa chati chini kabisa, namba 57 na 58. Machi 1982 alianguka shambani kwake, akapona, akaendelea na kazi ya albamu. Tarehe 28 Januari 1983 moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 42. Amezikwa Mill Hill, London. Albamu ilitoka mwaka huohuo bila yeye.

2003 Liverpool ikamsimamishia sanamu ya shaba, kazi ya Tom Murphy, fedha zikiwa zimechangwa na mashabiki wake. Aliyeifunua ni Jack Good, yule wa besi mbili.

Kidungu

Mkuu, sijakubali yote. Bado nasema Parnes alimtoa kwenye boti na kumpa miaka minane ambayo asingeipata. Lakini kwenye kutunga umenibana, na hesabu ya 1965 sikuwa naijua. Nipe mpangilio wa kusikiliza, nianzie wapi?

Mzee wa Santuri

Anza na The Sound of Fury yote, haifiki nusu saa. Kisha "Wondrous Place" ya 1960, uirudie. Halafu upande wa kwanza wa We Want Billy!, kwa sauti kubwa. Baada ya hapo ndiyo uende "Halfway to Paradise" na "Jealousy", utazisikia tofauti na ulivyozisikia mara ya kwanza. Besi Nzito, nawe tuwekee hapa chini ule mlio uliojaribu kuiga, hata kama haujakaa sawa. Nataka Kidungu asikie kazi ya wale watu wawili.